Mshahara Ulipokoma

Kwa miaka 14 nyumba yetu iliishi kwa mishahara miwili, mmoja wa ualimu na mwingine wa uhasibu katika ofisi moja hapa Dar es Salaam. Mhasibu ndiye aliyeacha kazi ili achore picha za vitabu vya watoto. Tunasema "sisi" kwa kuwa uamuzi ulikuwa wa wote wawili, na maharage ya mwaka ule tuliyala wote.

Wapendwa walituuliza kama jambo hili tumeliombea. Tuliliombea, tena kwa kufunga. Hatukusikia sauti. Tulibaki na maswali: ada ya watoto itatoka wapi? Na fungu la kumi la mtu asiye na mshahara linahesabiwaje? Tukaamua kulitoa kila malipo yanapoingia, hata yakiwa ya jalada moja tu. Kuna miezi bahasha yetu ilikuwa nyepesi mno, wala hatukuona sababu ya kuificha.

Kilichotutia nguvu ni Kutoka 31. Pale Mungu anamwita Bezaleli kwa jina na kumjaza roho yake ili afanye kazi za ustadi, za dhahabu, fedha, shaba, mawe na miti. Ni nadra kusikia akihubiriwa. Pengine sisi mafundi ndio tunaomkumbuka.

Kazi yenyewe ina jasho lake. Kitabu cha kurasa 24 tunakianza kwa vichoro vidogo vya penseli, kurasa zote kwenye karatasi moja, ili tuone hadithi inavyokwenda. Maneno yaachiwe nafasi. Uso wa mtu usiangukie kwenye mkunjo wa katikati. Msichana akivaa kandambili nyekundu ukurasa wa 3, awe nazo ukurasa wa 20, la sivyo mtoto atauliza zimekwenda wapi.

Watoto wa Shule ya Jumapili ndio wakaguzi wetu. Tulipowaonyesha michoro ya Msamaria Mwema, mmoja aliweka kidole juu ya yule majeruhi akauliza, "Mama yake anajua?" Tulitazamana. Usiku ule tulichora, mbali nyuma ya vilima, nyumba ndogo yenye taa mlangoni. Mchapishaji alitaka kujua ni ya nani, kwa maana haimo kwenye hadithi. Tukamweleza, naye akaiacha.