Fungua Gitaa Lako Mwenyewe, Haliumi

Leo nina maoni na najua kuna mafundi hawatayapenda: kubadilisha pikapu ya gitaa la stima si kazi ya kupeleka mjini. Inafanyika hapa hapa Kuresoi, hata kama hujawahi kulehemu kitu maishani.

Kwanza tuelewane. Huku Keringet ukisema pikapu watu wanajua unatafuta gari la kubeba viazi. Mimi naongelea kile kidude kinakaa chini ya nyuzi. Chepkong ya wazee wetu inapata sauti kwa lile bakuli lililofunikwa ngozi. Gitaa la stima ni mbao tupu, ukilipiga bila amplifaya jirani hasikii. Kazi yote inafanywa na sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba mwembamba kama unywele, maelfu ya mizunguko. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku, umeme kidogo sana unazaliwa kwa ule waya, na huo ndio unaenda kwa amplifaya. Marekani walianza kuuza magitaa ya hivi miaka ya 1930 na hiyo kanuni bado ni ile ile. Waya ukikatika mahali pamoja tu, basi, pikapu imekufa.

Yangu ilikufa mwisho wa Novemba, ile ya karibu na daraja la nyuzi, ambayo ndiyo napigia solo. Fundi mmoja wa mjini akaniambia 4,500 na wiki mbili, bila hata kulifungua gitaa. Wiki mbili za Disemba, msimu wa harusi! Kiongozi wa bendi alikuwa ameshaanza kusema kibodi inaweza kujaza hiyo nafasi. Na kibodi ikishajaza nafasi yako, wewe nawe unabaki kubeba spika. Kila harusi nalipwa 2,000, na hizo pesa nilikuwa nimemwahidi mama za mbegu ya viazi.

Sasa sikiza, kabla ununue chochote, pima. Chomeka kebo kwa gitaa, ule upande mwingine usiuchomeke popote. Fungua sauti yote, swichi iweke kwa pikapu moja, kisha weka multimita kwa ncha ya plagi na kwa mwili wake. Pikapu nzima ya aina yangu, nakala ya Stratocaster, inasoma kama kiloomu 6 au 7. Mbovu ilisoma karibu 240. Hiyo 240 si pikapu, ni kile kifaa cha kuongeza na kupunguza sauti ndicho kinajibu peke yake. Yaani nilijua ugonjwa kabla ya kugusa skrubu hata moja. Kuna watu wanalipa pikapu mpya na shida ilikuwa kebo ya shilingi mia tatu.

Nilinunua pikapu ya mtumba 1,200 nikaenda kwa mzee wa redio pale sokoni. Hajawahi kupiga gitaa, lakini redio ametengeneza tangu kabla nizaliwe. Akanipa chuma cha kulehemu cha wati 60 na chenga za redio kuukuu nifanyie mazoezi.

"Kijana, usiyeyushe risasi juu ya chuma chako ukapake kama siagi. Pasha moto pale unataka ishike, kisha peleka risasi hapo."

Hiyo sentensi ndiyo kozi yote. Saa nzima nilirudia hivyo hivyo kwa zile chenga, ndio nikafungua gitaa.

Lenyewe lilichukua dakika arobaini. Legeza nyuzi, toa skrubu, piga picha ya waya na simu kabla ya kugusa. Waya ziko mbili: mmoja unaenda kwa swichi, mwingine mgongoni mwa kile kifaa cha sauti. Huo mgongo ni chuma kizito, unakunywa moto, kwa hivyo subiri. Ukizigeuza, gitaa litalia tu, lakini ukiunganisha pikapu mbili sauti inakonda kama simu ya kabambe. Halafu amplifaya usiifungue kamwe. Hata ikiwa imezimwa, ndani kunaweza kubaki umeme wa kukurusha. Gitaa likiwa limechomolewa halina kitu cha kukudhuru, isipokuwa ukishika kile chuma cha moto.

Kabla ya kurudisha nyuzi nilichomeka kwa amplifaya nikagonga pikapu polepole na bisibisi. Ko, ko. Mzee wa redio akacheka kuliko mimi. Kisha urefu: bonyeza uzi mwisho kabisa wa shingo, acha kama milimita 2 kati yake na sumaku. Ukikaribisha sana, sumaku inavuta uzi na noti inayumba.

Jumamosi nilipiga harusi Olenguruone. Mzee alikataa pesa, akachukua nusu debe la viazi. Pikapu iliyokufa iko nyumbani, mpwa wangu anaokotea misumari nayo.