Wosia kwa Wajukuu Zangu Juu ya Maradhi ya Ukoo Wetu



Mali nimekwisha kuigawa, na hati za nyumba na za shamba anazo mjomba wenu. Waraka huu ni wa jambo lisiloandikwa kwenye hati. Wenzetu wa Korogwe wameleta posa ya mmoja wenu, tumeipokea kwa furaha, na sasa nasikia mnanong'onezana kwamba siku wazee wao watakaporudi, mama yenu mdogo apelekwe shamba mpaka wageni waondoke, wasije wakajua kwamba kwetu kuna kichaa. Nakataa. Nakataa leo ningali hai, na nawausia msije mkalifanya nikishazikwa. Yeye asifichwe, na ugonjwa wake usifichwe.

Mnajua kwamba kazi yangu ilikuwa uuguzi katika wodi ya wagonjwa wa akili hadi nikastaafu. Haya nimeyasoma, nimeyafanyia kazi, kisha nikayauguza ndani ya nyumba yangu. Kaka yangu mkubwa aliugua skizofrenia akiwa kijana. Binti yangu wa mwisho, huyo mama yenu mdogo, naye akaugua. Anayesema maradhi haya yana mkono wa damu hasemi uongo. Ila watu wakishasema "ni ya damu" hudhani wamemaliza maneno, kumbe ndiyo kwanza wameanza.

Shikeni hesabu hizi. Katika watu 100 wa kawaida, mmoja hivi huugua skizofrenia maishani mwake. Mwenye mzazi mgonjwa, hesabu hupanda kufika kama 10 katika 100. Mpwa wa mgonjwa, kama huyu binti yetu anayeposwa, ni kama watatu au wanne katika 100. Sasa tazameni mapacha wa yai moja, ambao vinasaba vyao ni vilevile. Mmoja akiugua, mwenzake huugua karibu nusu ya nyakati. Nusu ni nyingi, na ndiyo inayotuonyesha kwamba urithi una nguvu. Lakini nusu nyingine wapo, wamezaliwa na vinasaba vilevile, na wanaoa, wanaolewa, wanafanya kazi zao hadi uzee. Kama damu ingekuwa ndiyo hakimu peke yake, pasingekuwa na Kurwa mgonjwa na Doto mzima.

Mtasoma pia mahali kwamba skizofrenia hurithiwa kwa asilimia 80. Msiogope hiyo namba, wala msiitumie kuwaogofya wenzenu. Haina maana kwamba mtoto wa mgonjwa ana hatari ya 80 katika 100. Hatari yake nimekwisha kuwatajia. Namba hiyo hupima kundi zima la watu: kuugua kwa hawa na kutougua kwa wale kunafuatana kwa kiasi gani na tofauti za vinasaba vyao. Ni hesabu ya umma wa watu, na haiwezi kumwambia hata mmoja wenu atakuwaje.

Na mtu asiwadanganye kwamba kuna jeni moja ya wazimu. Yapo maradhi ya ubongo yanayokwenda hivyo, kama ugonjwa wa Huntington, ambao jeni moja ikiwa na hitilafu inatosha, na kila mtoto wa mgonjwa ana nafasi nusu kwa nusu. Wa kwetu si huo. Mwaka 2022 watafiti wa nchi nyingi walichapisha kazi iliyolinganisha wagonjwa wa skizofrenia zaidi ya 76,000 na watu wengine zaidi ya 240,000, wakapata sehemu 287 za vinasaba zinazohusiana na ugonjwa huo. Karibu kila moja huongeza hatari kidogo mno, na nyingi zimo miilini mwa watu wazima wasio na tatizo lolote, wakiwemo hao wazee wa Korogwe watakaokuja kuuliza habari zetu. Hakuna ukoo usiobeba chochote. Tena hesabu nyingi za namna hii zilifanywa kwa watu wenye asili ya Ulaya. Ndiyo maana nilifurahi niliposikia mradi wa utafiti wa NeuroGAP umekusanya mate ya watu wetu wa Kenya, Uganda, Ethiopia na Afrika Kusini, wa Kilifi na Eldoret wakiwa miongoni mwao, ili na sisi tujulikane kwa vipimo vyetu wenyewe.

Hapa nataka kuzungumza na wajukuu zangu wa kike, kwa sababu mzigo wa maradhi haya hutwikwa mama. Binti yangu alipoanza kusikia sauti, nililaumiwa kila upande. Mmoja alisema nimemdekeza, mwingine kwamba nilikuwa mkali mno, wa tatu kwamba nimetoka na jini kwetu. Msidhani ni ujinga wa kwetu tu. Marekani, mwaka 1948, daktari mmoja mkubwa, Frieda Fromm-Reichmann, aliandika juu ya mama ambaye malezi yake ndiyo humtia mtoto skizofrenia, na kwa miaka mingi kina mama waliketi mbele ya madaktari wakaambiwa kwamba mapenzi yao ndiyo yaliyowaharibu watoto wao. Fikirini uchungu huo juu ya uchungu wa kumwuguza mwana. Mwaka 1966 daktari Leonard Heston alitoa matokeo ya kazi aliyoifanya huko Oregon. Aliwafuatilia watoto 47 ambao mama zao walikuwa wagonjwa wa skizofrenia na ambao walitenganishwa nao katika siku za mwanzo kabisa za maisha, kisha wakalelewa na watu wengine. Watano kati yao waliugua. Katika 50 aliowalinganisha nao, waliotenganishwa vivyo hivyo na mama wasio na ugonjwa huo, hakuugua hata mmoja. Watoto wale hawakupata malezi ya mama zao wagonjwa hata kidogo, na ugonjwa uliwafikia. Nilipoisoma habari hiyo kwa mara ya kwanza nililia kwa shukrani. Kwa hiyo katika nyumba hii asitukanwe mwanamke yeyote kwamba yeye ndiye aliyemfanya mwanawe awe mgonjwa.

Lakini malezi nayo yana mkono wake. Finland, Pekka Tienari na wenzake waliwatazama watoto wa akina mama wagonjwa waliolelewa na watu baki. Waliokuwa katika nyumba zenye ugomvi na maelewano mabaya waliugua zaidi sana kuliko waliokuwa katika nyumba zenye utulivu, hali wote walizaliwa na mama wagonjwa. Na huko London, George Brown aligundua kwamba mgonjwa anayetoka hospitali akarudi kwa jamaa wanaomsimanga na kumkaripia huanguka upya upesi zaidi. Haya niliyaona wodini kwa macho yangu: mgonjwa anarudi kwao ametulia, baada ya muda mfupi analetwa tena amefungwa kamba, na anayemleta anamtukana hadi mlangoni. Basi mama yenu mdogo asiitwe chizi hata kwa mzaha. Chumba cha uani ni chake maisha yake yote, ale mezani na wengine, na apewe kazi anazoziweza, maana anazo nyingi. Sindano yake ya kila mwezi isikatishwe kwa sababu anaonekana mzima. Anaonekana mzima kwa sababu anachomwa. Anayetaka kumsomea Kurani amsomee, mimi mwenyewe humsomea, ila kliniki apelekwe.

Juu ya posa, mshenga aambiwe kweli. Aambiwe kuna mgonjwa, ugonjwa ni huu, anatibiwa, na hatari kwa watoto wa binti yetu inakaribia ile ya watoto wa mtu yeyote. Wakijitoa, nitaumia kwa ajili ya mjukuu wangu, lakini ndoa iliyofungwa juu ya siri huvunjika vibaya zaidi siku siri inapotoka. Na akitokea wa kusema ukoo kama wetu uache kuzaa, mwambieni hilo limekwisha kujaribiwa. Ujerumani ya Hitler ilitunga sheria Julai 1933, na watu kama 400,000 wakaondolewa uwezo wa kuzaa kwa lazima, wenye skizofrenia wakiwemo. Kisha wakaanza kuwaua. Kufikia Agosti 1941 wagonjwa na walemavu zaidi ya 70,000 walikuwa wameuawa, wengi kwa gesi. Baada ya vita skizofrenia iliendelea kuzaliwa Ujerumani kama kwingine, kwa sababu vinasaba vyake vimetapakaa kwa watu wote na wagonjwa wengi huzaliwa na wazazi wazima. Damu ile yote ilimwagwa juu ya elimu ya uongo.

Nyinyi wavulana, nina neno lenu. Mkikosa huwa mnasema "ndivyo nilivyozaliwa," na babu yenu mnamtolea mfano kwa hasira zake. Tabia nazo zina urithi, sikatai. Hata mwelekeo wa kutekwa na pombe, karibu nusu yake wataalamu huihesabu kuwa ya vinasaba. Ila asiyeonja hatekwi, awe amerithi nini. Kujua kwamba umezaliwa na wepesi wa jambo fulani ni sababu ya kujilinda mapema kuliko mwenzako. Kwa hiyo bangi, kwetu sisi, ni haramu mara mbili. Vijana wengine huivuta wakaachwa salama, nanyi mtawaona, lakini uvutaji wa mara kwa mara, hasa ulioanza katika umri mdogo, huongeza hatari ya ugonjwa huu, na sisi tumeshaongezewa ya kwetu kabla ya kuzaliwa.

Maradhi haya hupenda kuingia baina ya miaka ya mwisho ya balehe na miaka ya thelathini. Mkimwona mwenzenu usingizi umemkimbia usiku baada ya usiku, anajitenga, masomo yanamshinda ghafla, anawashuku watu wa nyumbani au anaitikia asiyemwita, msisubiri mwaka uishe mkizunguka kwa waganga. Mpelekeni hospitali, na mmwambie daktari wazi kwamba kaka wa bibi yenu na mama yenu mdogo waliugua.

Kwa ajili hiyo nimeacha daftari la jalada la buluu ndani ya sanduku langu. Nimeandika kila mgonjwa wa akili katika ukoo kwa kadiri ninavyojua, upande wangu na upande wa babu yenu: alianza akiwa na umri gani, alianzaje, dawa ipi ilimsaidia na ipi ilimdhuru. Kaka yangu haloperidol ilimkakamaza shingo na ulimi, yameandikwa. Daftari likae kwa mjukuu wangu aliyesomea ufamasia, asinyimwe wa ukoo anayeomba kulisoma, na kila anayeoa au kuolewa aandike na habari za huko alikoingia. Kurasa za nyuma nimeziacha wazi.