Kurasa Chafu

Bibi alikuwa na hadithi tisa za sungura na fisi. Nilimrekodi zote kwa simu, jioni baada ya jioni, barazani kwake. Alipofariki, shangazi akaniambia, "Mwanangu, niwekee hizo sauti kwenye flashi, wenzio kule nyumbani wanataka kumsikia." Basi lake lilikuwa la saa kumi na mbili asubuhi.

Alfajiri nikawasha kompyuta, nikazikata hadithi na kuzibandika kwenye flashi. Ndiyo, nilikata, sikunakili; diski ilikuwa imejaa, na simu yenyewe ilishaibiwa. Mstari ukakimbia ukafika mwisho. Nikavaa viatu, nikachomoa, mbio stendi.

Jioni shangazi akapiga simu. Hadithi mbili zinasikika. Saba majina yapo, sauti hakuna.

Kumbe Linux, mfumo ninaoutumia, haiandiki papo hapo. Data hukaa kwanza kwenye RAM, kisha huandikwa kimyakimya. Kurasa za kumbukumbu zinazosubiri zamu huitwa kurasa chafu. Kwa kawaida mfumo huanza kuziandika zikifika asilimia 10 ya kumbukumbu iliyopo, au zikishakaa kama sekunde 30. Zikifika asilimia 20, programu inayoandika hulazimishwa kungoja. Kwenye RAM ya GB 8, asilimia 10 ni kama MB 800. Hadithi za bibi hazikufika hata nusu ya hapo. Mstari uliponiambia tayari, nyingi zilikuwa bado njiani.

Siku hizi, kwenye /etc/sysctl.conf, nimeweka vm.dirty_background_bytes kuwa 16777216, yaani MB 16, na vm.dirty_bytes kuwa 50331648, yaani MB 48. Flashi ikiwa goigoi, mstari nao unajikokota. Sawa tu. Na bado naandika sync, nasubiri, ndipo nachomoa, maana ndani ya MB 48 hadithi nzima inaenea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba zile jioni sikuzishika hadithi kichwani. Nilijua simu inarekodi, basi nikastarehe. Sasa mimi na shangazi tunazikusanya upya kwa kukumbushana, daftari mkononi. Kati ya saba tumepata nne. Ile ya fisi kisimani, yeye anaimalizia kwingine na mimi kwingine.

Tumeandika zote mbili.