Land Rover za Mlimani

Mji wa Moshi uko chini ya mlima Kilimanjaro. Kilele cha Kibo kina urefu wa mita 5,895 kutoka usawa wa bahari. Mji wenyewe haufiki mita 1,000. Kwa hiyo ukitoka mjini kwenda Kibosho, Uru, Kilema au Marangu, unapanda tu. Kurudi ni kuteremka.

Barabara kubwa zina lami. Lakini nyumba nyingi haziko kando ya lami. Ziko ndani, katika vihamba, kati ya migomba na mibuni. Njia za kwenda huko ni nyembamba na zina udongo mwekundu. Nyingine zinavuka mifongo, ile mifereji ya maji iliyochimbwa na wazee wa zamani. Mvua za masika zikianza mwezi wa Machi, udongo huo huteleza kama mlenda. Gari dogo la mjini halifiki. Hapo ndipo watu huulizana, "Nani ana Land Rover?"

Gari hili lilianza kutengenezwa Uingereza mwaka 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha, na chuma kilikuwa adimu. Basi bodi lake likatengenezwa kwa alumini, kama sufuria zetu. Ndiyo maana bodi la Land Rover ya zamani haliliwi sana na kutu. Lakini chasisi yake ni ya chuma. Wenye magari wengi hupaka rangi juu, wakasahau chini. Kutu haina haraka, inakula polepole.

Ukitaka kujua habari za mlimani, nenda gereji ya Moshi siku ya kazi. Mimi nilikwenda kuziba pancha ya pikipiki yangu. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Wenye Land Rover watatu walikuwa wamekaa juu ya matairi makuukuu, wanakunywa chai. Mmoja hubeba mizigo ya sokoni. Wa pili hupeleka wageni kwenye lango la kupandia mlima. Wa tatu alikuwa mzee wa makamo kutoka Kibosho. Gari lake lilijaa mabua ya mahindi kutoka shamba lake la tambarare.

Mabua hayo ni chakula cha ng'ombe. Huko juu vihamba ni vidogo, na ng'ombe hufugwa ndani ya zizi. Majani hayatoshi, hasa wakati wa kiangazi. Ng'ombe akila mabua, anatoa samadi, na samadi inakwenda kwenye migomba na mibuni. Kwa hiyo gari likisimama wiki mbili, mgomba nao unajua. Wengine husema hiyo ni kazi ya Bwana Shamba, si ya fundi. Mimi naona ni kazi moja.

Walizungumza mambo mengi. Springi iliyokatika. Bei ya maziwa. Kijana aliyeoa bila kuwaambia wazazi. Kisha fundi akatoka chini ya lile gari la mabua, anapangusa mikono.

"Mzee, silinda ya breki ya nyuma inavuja," alisema. "Mafuta yamelowesha breki yote. Haitashika."

"Nifungie hivyo hivyo, kijana wangu," alijibu mzee. "Fedha niliyo nayo ni ya ada ya chuo ya binti yangu. Nipande leo tu."

Yule wa sokoni akacheka kidogo. "Mangi, kupanda utapanda. Kuteremka je?"

"Nitateremka mtupu."

"Hutateremka mtupu. Kina mama wenye ndizi watakuomba uwapeleke Kiboriloni. Utawakataa?"

Mzee hakujibu. Alitazama chai yake.

Fundi akanigeukia. "Bwana Shamba, sikiliza na wewe. Watu wa mlimani wanategemea mno breki ya mkono."

Akatueleza. Katika Land Rover za zamani, breki ya mkono haishiki magurudumu. Inashika propela, ule mti wa chuma unaotoka kwenye giaboksi kwenda difu ya nyuma. Magurudumu yote yakiwa chini, gari linasimama vizuri. Lakini ukiinua gurudumu moja la nyuma kwa jeki, lile la hewani linaweza kuzunguka upande wake, na lile la chini likazunguka upande mwingine. Propela imesimama, lakini gari linaondoka. Linaanguka kutoka kwenye jeki, na mtu yuko chini yake. Ekseli ya nyuma ikikatika, mambo ni yale yale.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukibadili tairi kwenye mteremko, weka mawe makubwa kwenye magurudumu yaliyobaki chini. Weka kabla ya kugusa jeki. Usimwache mtoto ashike jiwe kwa mkono. Wakati wa kuteremka, tumia gia ile ile nzito unayopandia. Ukikanyaga breki mfululizo kutoka juu hadi chini, zinapata moto na kuacha kushika. Ukishavuka maji, kanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke.

Mzee aliuliza silinda ni kiasi gani. Fundi akamtajia. Akanyamaza tena, kisha akasema ataacha gari pale hadi auze maziwa ya mwezi ule. Ada asingeigusa.

"Na ng'ombe?" niliuliza.

Yule wa sokoni alikuwa amekwisha simama. Alirudisha gari lake nyuma, mkia kwa mkia na lile la mzee. Wote wanne tukaanza kuhamisha mabua. Yalikuwa makavu, yanachoma shingoni. Walipatana mzee atalipa dizeli tu, na mkungu mmoja wa ndizi.