Daraja la Kati

Maneno machache katika lugha yetu hubeba mizigo miwili kwa pamoja kama libebavyo neno daraja. Daraja ni kivuko: mti, jiwe au chuma kilicholazwa juu ya mto ili aliye ng'ambo hii afike ng'ambo ile. Daraja vilevile ni cheo, mahali anaposimama mtu juu ya wenziwe au chini yao. Kwa Waarabu, tuliolitoa kwao, asili yake ni kipandio cha ngazi. Sisi tulilipokea tukalipa kazi mbili ambazo, ukizitazama vyema, zinagombana: moja huunganisha, nyingine hutenga. Ugomvi huo nimeufikiri kwa miaka mingi, lakini sikuwahi kuufikiri kama Novemba 2024, nilipopewa kiti katika daraja nisilolijua, ndani ya ndege iliyotoka Dar es Salaam kwenda Amsterdam, na baadaye katika nyingine iliyonifikisha Toronto.

Daraja hilo si la matajiri wala si la makabwela. Limewekwa baina yao, na halina umri mkubwa: EVA Air ya Taiwan na Virgin Atlantic ya Uingereza zilianza nalo mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiti ni kipana kidogo. Toka mgongo wa kiti hadi mgongo wa kinachofuata ni takriban inchi 38, ilhali nyuma huko ni kama 31. Mna kiegemeo cha miguu, na chai huja katika kikombe cha kigae. Dreamliner ya kwanza ya Air Tanzania, iliyotua kwetu Julai 2018, ina viti 262: 22 vya biashara na 240 vya kawaida, na katikati hamna kitu ila pazia. Kwa hiyo nilikuwa mgeni wa kiti na mgeni wa daraja, na ugeni ulizidi kwa kuwa nauli yangu haikulipwa kwa shilingi wala kwa dola. Ililipwa kwa maili.

Kwa asiyejua, nieleze. Mwaka 1981 shirika la American Airlines la Marekani lilianza kuwahesabia wasafiri wake maili walizoruka na kuwatuza kwa hesabu hiyo. Mashirika mengine yakafuata, kisha mabenki nayo yakaingia, hata ikawa mtu aweza kuchuma maili bila kuinua unyayo ardhini, kwa kununua vitu kwa kadi. Kaka yangu, mzaliwa wa Mpwapwa kama mimi, ameendesha lori lake mwenyewe nchini Kanada kwa zaidi ya miaka ishirini. Kila tangi la mafuta, kila gurudumu, kila mfuko wa unga wa nyumbani kwake aliulipia kwa kadi ya namna hiyo. Yeye hakuwa mtu wa ndege. Maili alikuwa akiziweka kwa siku atakayopumzika na kurudi nyumbani. Siku hiyo ilitanguliwa na kisukari. Mguu wake wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na sasa mara tatu kwa wiki damu yake husafishwa kwa mashine. Alipoona kwamba kurudi kumekuwa kugumu, alizitoa zile maili ili mimi niende. Zingalitosha kunipa kiti cha kawaida na nyingine zikabaki. Hakutaka. Aliniambia kwa simu, "Wewe mdogo wangu una miguu mirefu, na miguu haikopeshwi."

Safari kulipwa kwa mwili wa mtu mwingine si jambo geni katika uwanda wetu wa kati. Mimi ni Mgogo, na Ugogo ulikuwa njia ya wengine muda mrefu kabla Dodoma haijachaguliwa, mwaka 1973, kuwa makao makuu. Katika karne ya 19 misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji ilipita kwetu. Mashariki iliikabili nyika kavu ya Marenga Mkali, magharibi ikaikabili Mgunda Mkali. Baina ya ukame huo na huo palikuwa na visima vyetu, na wakubwa wetu walitoza hongo, kwa nguo, shanga na waya, kwa kila msafara uliotaka kunywa na kupita. Leo neno hongo limeharibikiwa jina. Wakati ule lilikuwa ada ya njia. Maji kwa Kigogo ni malenga, nami nilipojifundisha ushairi wenu katika ujana wangu, bila mwalimu ila redio na magazeti ya kuazima, nilistaajabu kukuta kwamba pwani malenga ni bingwa wa mashairi. Nikajiona nami nina haki ya kuchota.

Katika misafara ile mpagazi alichukua begani hadi frasila mbili, yaani ratili 70. Kwa mizani ya leo ni yapata kilo 32. Nikisoma masharti ya tiketi yangu nilikuta kwamba begi moja likizidi kilo 32 halipokelewi, kwa kuchelea migongo ya wapakiaji. Ni uzito ule ule. Mzigo ambao leo wahesabiwa kuwa ukomo wa kuinuliwa kutoka garini hadi tumboni mwa ndege, mpagazi aliuvusha nyika kwa miguu, siku baada ya siku. Alilipwa ujira wake kama alifika. Maili zake hazikuandikwa popote.

Kisha likaja gari moshi. Wajerumani waliianza Reli ya Kati mwaka 1905 huko Dar es Salaam. Ikafika Dodoma mwaka 1910, na Kigoma mwaka 1914. Reli ilishusha mzigo begani, lakini ilileta madaraja. Zama za Mwingereza, kwa desturi, la kwanza lilikuwa la Mzungu, la pili la Mhindi, la tatu la Mwafrika. Daraja la kati basi halikuwa mahali pa kukalia tu. Lilikuwa ukuta. Aliyekaa humo alitazamwa na walio nyuma kuwa amewapita, na walio mbele kuwa hajafika, na kutazamwa huko kuwili ndiko kulikowafanya walio mbele walale usingizi wao salama. Baada ya uhuru bei ilishika mahali pa rangi, na daraja la pili likawa na vitanda sita katika chumba kimoja. Baba yetu, karani, alilala humo safari moja maishani mwake, na aliisimulia mpaka alipotutoka. Tangu Julai 2024 treni ya umeme hututoa Dodoma hadi Dar es Salaam kwa saa chache. Nayo ina madaraja yake. Mimi nilipanda la kawaida, nikakaa jirani na mama kijana mwenye mtoto, tukagawana karanga.

Mama yule tulikutana tena ndani ya ndege. Sisi wa katikati tuliitwa kuingia kabla ya wengi, hivyo nilikuwa nimekwisha kuketi na kunyoosha miguu walipoanza kupita. Aliponiona alisimama. "Kumbe baba ni mtu mkubwa! Shikamoo tena." Nikaitika marahaba, na mlolongo ukamsukuma kwenda nyuma, mtoto akinitazama begani kwa mamaye. Palikuwa hapana nafasi ya kumweleza kwamba sikuwa mkubwa, na kwamba kiti kile kilikuwa cha mtu mwingine aliyekaa kwenye usukani miaka ishirini. Hilo ndilo la kutisha katika daraja: halisemi limelipwa na nani. Mwenye kuonekana juu yake ni yule aliyekaa tu. Ninyi watu wa bahari mna usemi kwamba mtu asisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Mimi sikuwa nahodha wala baharia. Nilikuwa shehena iliyolipiwa.

Kaka alinipokea mlangoni mwa nyumba yake, akiwa katika kiti cha magurudumu. Nikainama, "Shikamoo, kaka." Twaambiwa kwamba salamu hiyo asili yake ni kushika miguu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Marahaba. Ila shika mmoja. Mwingine ndio uliokuleta." Tukacheka hadi mkewe akaja kutazama kuna nini. Nilikuwa nimemchukulia mlenda mkavu wa Mpwapwa, akala vijiko vichache kwa kipimo alichopewa hospitali. Halafu akaanza kuniuliza habari za kiti. Kililala kiasi gani? Kitambaa chake rangi gani? Chakula kililetwa katika sahani au katika karatasi? Niliweza kulala? Aliuliza kama aulizavyo mtu aliyelima shamba na asiwepo wakati wa kuvuna, na mimi nikamjibu kila swali kwa ukamilifu, maana hiyo ndiyo iliyokuwa hongo yake, na nilikuwa sina nyingine ya kumlipa.

Wapenzi wa ushairi watanielewa nikisema hivi. Katika tarbia, mshororo wa mizani 16 hugawika nane kwa nane, na pale unapogawika twaweka kina cha kati. Asiyejua hukiona kuwa ni cha daraja la pili, maana sikio hungoja kile cha mwisho. Lakini kiondoe, na ukwapi na utao havitajuana tena; kila kimoja kitakwenda zake. Kina cha kati kipo ili vipande viwili vishikane, wala hakijidai. Ndivyo nilivyojaribu kukaa katika kiti kile usiku kucha: pazia mbele yangu, mama wa karanga nyuma yangu, na chini ya miguu yangu barabara ndefu za Kanada ambazo sikuwahi kuziona. Kama daraja ni cheo, sikustahili. Kama ni kivuko, basi nilivushwa, na aliyevushwa ana deni kwa waliokijenga.

Nilirudi Dodoma mwezi uliofuata, kwa kiti cha daraja lile lile. Usiku wa kuagana kaka alinionyesha katika simu maili zilizosalia. Hazitoshi kiti chochote, hata kile cha mwisho kabisa karibu na choo. Bado anaziweka. Kadi ni ile ile, na siku hizi huongezeka kila anaponunua dawa.