Taru, Nchi ya Kiu na Ndovu

Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Neno hili husemwa kila siku na watu wasiolipima uzito wake. Rafiki wawili wa Tanga walilipima mwezi wa Julai, mwaka 2023, walipofunga safari kwenda Kenya kutazama wanyama wa mwitu. Mmoja alikuwa mwalimu, na mwenzake seremala. Mwalimu alikwisha soma habari nyingi za ndovu wekundu wa Tsavo. Seremala hakupata kumwona ndovu maishani mwake ila katika picha.

Walivuka mpaka hapo Horohoro, wakaingia Lunga Lunga, wakaipita Msambweni na minazi yake hata wakafika Diani. Hapo waliwaona mbega, weusi wenye manyoya meupe mabegani, wakivuka barabara juu kwa juu katika ngazi za kamba walizotundikiwa ili wasigongwe na magari. Kesho yake wakapanda Kwale penye milima ya Shimba, mahali pekee katika Kenya ambapo palahala huonekana mwituni. Kutoka huko wakashika njia ya Kinango. Minazi ikapungua, kisha ikakoma. Udongo ukawa mkavu, na miti ikawa ya miiba. Jioni wakafika Samburu, ambayo siyo ile Samburu ya kaskazini, na kwa mwendo mfupi katika barabara kuu ya Nairobi wakashuka Taru.

Taru ni mji mdogo, yapata maili 50 kutoka Mombasa. Wenyeji wake wengi ni Waduruma, kabila moja katika yale tisa ya Wamijikenda. Wageni wa zamani waliiita nchi hii jangwa, lakini si jangwa la mchanga mtupu. Ni nyika ya vichaka na migunga, isiyo na mito ya kudumu. Wenye misafara waliiogopa sana. Mwaka 1848 Johannes Rebmann, mmisionari wa Rabai, aliivuka nyika hii pamoja na kiongozi wake Bwana Kheri, na tarehe 11 Mei akauona mlima Kilimanjaro. Mwaka 1883 Joseph Thomson akapita na wapagazi wake akielekea nchi ya Wamasai. Na reli ilipojengwa hapa baada ya kuanza Mombasa mwaka 1896, maji ya wafanya kazi yalibidi kuletwa kwa gari la moshi.

Lakini wenyeji waliishi. Siri yao ilikuwa ni kuyajua maji. Hapo Taru mna mwamba mgumu wa kale ulio na mashimo, yaitwayo ngurunga, ambayo hukinga maji ya mvua na kuyahifadhi baada ya mvua kwisha. Wale wageni wawili walipomwomba mzee mmoja wa Kiduruma awaonyeshe, aliwapeleka asubuhi na mapema. Katika tope la kando ya maji walikuta nyayo za mbuzi, na nyayo ndogo za mtoto aliyekwenda kuteka. Na juu ya hizo, alama moja ya mviringo, pana kama sinia. Seremala akachutama akaipima kwa shubiri zake.

“Wanangu,” mzee akasema, “ninyi mwasafiri mbali kuwatafuta, na hapa wao huja usiku bila ya kubisha hodi.”

Kisha akawaonyesha shamba lake. Mahindi yalikuwa yamelazwa chini, na ghala iliyokuwa na mavuno ya kwanza imevunjwa mlango na boriti mbili. Akawaeleza kwamba ndovu wakiwa karibu, wanawake hawathubutu kwenda kuteka maji alfajiri, na watoto huchelewa shuleni mpaka jua lipande. “Simlaumu mnyama,” akasema. “Kiu yake na kiu yangu ni moja. Ila yeye akinywa, watu huja kumtazama. Mimi nikilala njaa, hapana ajaye.”

Maneno ya mzee yana msingi. Mbuga ya Tsavo ilianzishwa mwaka 1948, lakini ndovu hawajui mpaka wa ramani. Ukame ukizidi hufuata maji po pote yalipo. Katika ukame wa 1970 na 1971, maelfu ya ndovu walikufa Tsavo. Mwaka 2022 Serikali ya Kenya ilitangaza kwamba ndovu 205 walikufa nchini kati ya Februari na Oktoba, na katika ukame huo huo wafugaji walipotelewa na mifugo mingi. Sheria ya mwaka 2013 iliweka fidia ya shilingi milioni tano kwa mtu aliyeuawa na mnyama, na fidia kwa mali iliyoharibiwa. Lakini mwenye shamba hula leo, na fidia huja kesho.

Hata hivyo njia ya kusikilizana si ngeni katika Kwale. Huko Mwaluganje, ambako rafiki hao walipita walipokuwa wakienda Kinango, wenye mashamba walikubali kuitenga ardhi yao iwe makao ya ndovu. Hifadhi yao ilifunguliwa mwaka 1995, na wenye ardhi wakawa na fungu katika fedha za watazamaji. Hata mavi ya ndovu hayakutupwa bure, yalitengenezwa karatasi.

Siku ya pili wasafiri wakaendelea, wakapita Mackinnon Road, wakafika Voi na kuingia Tsavo Mashariki. Huko waliwaona ndovu kwa macho yao, wakubwa kwa wadogo, wamejipaka vumbi jekundu, wakienda kwa foleni kwenye maji. Mwalimu alifurahi kama mtoto. Seremala alinyamaza kwa kitambo, kisha akasema, “Huenda ndio hawa waliovunja ile ghala, wala siwezi kuwachukia. Lakini siwezi pia kupita Taru kama nisiyeona kitu.”

Waliporudi, wakashuka tena Taru. Seremala akaazima msumeno na nyundo, akanunua mbao, na kwa siku mbili yeye na vijana wa mzee wakaijenga upya ghala ile, na boriti zake nene kuliko za awali. Mwalimu, asiyejua kazi hiyo, alishika mbao na kuokota misumari. Huenda ndovu wataivunja tena. Mzee mwenyewe alilisema hilo akicheka. Lakini usiku ule mahindi yaliyosalia yalilala ndani.

Basi mtu ye yote aendaye kutazama wanyama na akumbuke kuuliza nani anaishi nao, na maji yao yanatoka wapi. Akifanya hivyo atakuwa mgeni, wala si mpita njia.