Mtungi Ungali na Kazi

Maji ya bomba hapa Dar es Salaam mara nyingine hunuka dawa. Yakichemshwa harufu hutoka, lakini hewa nayo hutoka, yakawa chapwa. Wanangu waliyakataa, wakadai soda. Na mshahara wa mfanyakazi hauhimili soda ya kila siku. Chujio la dukani nalo lilinishinda bei.

Nikanunua mtungi wa udongo. Maji yaliyochemshwa yakishapoa, huyamimina toka chombo safi hadi chombo safi yapate hewa, kisha huyatia katika mtungi uliofukizwa ubani, kama wafanyavyo wazee wetu wa pwani. Jasho la mtungi ndilo liyapozalo. Kata iwe na mpini mrefu, mkono usiguse maji.

Ila maji ya kisima yenye chumvi, ndugu msomaji, hayasaidiwi na mtungi wala moto: yachemkapo hupungua, chumvi ikabaki. Hayo nimeyaachia sakafu.